Umeme wa radi unashuka au unapanda? Mimi nimeuona Upper Hill ukipanda

KunguruWaUmoja, saa 1:52 usiku
Wadau, poleni na mvua. Naomba mnisaidie, hili jambo limeninyima raha tangu asubuhi. Jana jioni nilipanda juu ya paa la ploti yetu hapa Umoja kuanua nguo. Upande wa town wingu lilikuwa jeusi kama sufuria ya githeri. Nikatoa simu nirekodi kidogo nimtumie mke wangu aliye ushago. Radi ikapiga upande wa Upper Hill, na kwa macho yangu nikaiona ikitoka kwenye mnara mrefu kwenda mawinguni. Matawi yake yalielekea juu, kama mti. Kwenye video inaonekana kwa picha mbili tu, lakini inaonekana. Leo nimewaeleza kazini, mwenzangu mmoja akasema umeme haujawahi kutoka ardhini tangu dunia iumbwe. Tumebishana hadi chakula kikapoa. Je, unashuka au unapanda?

MamaNjugu, saa 1:58 usiku
Unashuka. Kama ungekuwa unapanda tungeambiwa tujifiche mawinguni.

Dereva_44, saa 2:03 usiku
Kunguru, ni mnara upi? Kama ni Britam, ule una mita 163, kitu cha kwanza umeme ukikutana nacho.

SaruniNgong, saa 2:06 usiku
@Dereva_44 hapana, mita 163 ni UAP. Britam ni mita 200. KICC ambayo sisi wazee tuliiona ndiyo mwisho wa dunia ina 105 tu.

Dereva_44, saa 2:07 usiku
Asante Saruni. Napita chini yake kila siku na sijawahi kuhesabu.

MwalimuWaZamu, saa 2:21 usiku
Nafundisha fizikia sekondari, hivyo mniwie radhi kwa urefu.

Ndani ya wingu kubwa la mvua kuna upepo mkali unaopanda. Chembe nyepesi za barafu zinapandishwa, vidonge vizito vya barafu laini vinabaki au kushuka, na vikipishana vinagongana. Katika kugongana, vile vizito kwa kawaida huondoka na chaji hasi na vile vyepesi chaji chanya. Baada ya muda wingu linakuwa na chanya kule juu na hasi katikati na chini. Ile hasi ya chini inazifukuza elektroni (vichembe vidogo vyenye chaji hasi) za ardhini, kwa hiyo ardhi iliyo chini ya wingu inabaki chanya.

Kisha kitu chenye chaji hasi kinaanza kushuka kutoka winguni. Mimi darasani hukiita mtangulizi. Mwanga wake ni hafifu, macho yetu hayaupati. Anashuka kwa hatua: mita kumi, mita hamsini, anasimama sehemu ndogo mno ya sekunde, anatafuta pa kupita, anagawanyika matawi, anashuka tena. Kwa wastani anakwenda kilomita 200 hivi kwa sekunde. Akitoka kilomita 5 juu, anafika chini kwa moja ya arobaini ya sekunde, kabla kope zako hazijakutana.

Akikaribia ardhi, vitu vilivyo chini huanza kumnyooshea mikono: mti, mlingoti, antena, hata mtu aliyesimama uwanjani. Mkono mmoja ukimgusa, njia imekamilika. Hapo ndipo ule mwanga mkali unaouona hulipuka, na mwanga huo unatoka chini kwenda juu, kwa kasi ya karibu theluthi ya kasi ya nuru.

Kwa hiyo njia imechongwa kutoka juu, na mwanga umepanda kutoka chini. Kunguru na mwenzake walibishana kuhusu vitu viwili tofauti.

MamaNjugu, saa 2:24 usiku
Mwalimu, mimi nilijibu kwa neno moja na bado niko sahihi nusu.

HalimaKisauni, saa 2:30 usiku
Mwalimu umeeleza vizuri, lakini nyinyi watu wa bara mnachanganya maneno. Umeme ni ule mwanga. Ngurumo ni sauti. Radi ni ule unaopiga kitu: mnazi, nyumba, mtu. Huku kwetu husemi "radi imemulika". Na msiseme "umeme" mkimaanisha stima halafu mseme tena "umeme" mkimaanisha wa mawinguni, mtu anaweza kupotea.

Dereva_44, saa 2:33 usiku
Dada Halima, ndiyo maana sisi tunaiita stima. Tumeshatatua hilo zamani.

HalimaKisauni, saa 2:35 usiku
Na stima ni meli ya moshi, lakini tuendelee.

MkulimaNandi, saa 2:41 usiku
Mwalimu ametaja barafu na nimekubali kabisa. Sisi wa chai huku Nandi na wenzetu wa Kericho tunapigwa na mvua ya mawe kuliko karibu mahali popote duniani. Nimechuma chai tangu utotoni, na kila siku ya mawe makubwa ni siku ya radi. Manyunyu ya asubuhi hayana radi hata moja. Kama si ile barafu, kwa nini viende pamoja kila mara?

NyotaChiromo, saa 2:52 usiku
Niko mwaka wa tatu, fizikia. Habari ya barafu kugongana inakubalika na wengi, ila kuna pengo kubwa ambalo vitabu vya shule huruka. Ili hewa ikatike na kupitisha umeme, kwa usawa wa bahari unahitaji kama volti milioni 3 kwa kila mita. Watu wamerusha puto zenye vipimo ndani ya mawingu kwa miaka mingi, na kinachopatikana ni kama sehemu ya kumi ya hiyo. Yaani kwa hesabu wingu halina nguvu ya kutosha kuanzisha radi, na bado radi inapiga!

Mwaka 1992 Mrusi Alexander Gurevich na wenzake walipendekeza kwamba miale kutoka angani, nje kabisa ya dunia, huingia winguni na kurusha elektroni kwa kasi kubwa. Elektroni moja inagonga nyingine, zinakuwa maporomoko, na hapo ndipo cheche ya kwanza inapatikana. Mimi niko upande huo. Naona ni jambo la ajabu kwamba nyota iliyolipuka mbali inaweza kuwa na mkono katika radi ya Upper Hill.

MwalimuWaZamu, saa 2:59 usiku
@NyotaChiromo pengo unalosema lipo kweli, nami huliruka kwa sababu kipindi ni dakika arobaini. Lakini usikimbilie nyota kabla hujamaliza vilivyo winguni. Tone la maji au kipande cha barafu chenye ncha hukusanya nguvu kwenye ncha ile. Puto linapima wastani wa mahali, halipimi ncha ya chembe moja. Panaweza kuwa na sehemu ndogo ambapo hewa inakatika bila msaada wa mtu yeyote kutoka angani.

NyotaChiromo, saa 3:02 usiku
Hata ncha ya barafu, mwalimu, hesabu yake inahitaji chembe kubwa au nyingi zikae karibu karibu. Haitoki kirahisi.

MwalimuWaZamu, saa 3:04 usiku
Na miale nayo inahitaji eneo pana lenye nguvu ya kutosha. Haitoki kirahisi pia. Njoo shuleni siku moja uwaeleze wanafunzi wangu upande wako, nitafurahi.

MwanaWaMulembe, saa 3:11 usiku
Bibi yangu alikuwa na jibu lake na sitalicheka. Alituambia Mungu aliweka jogoo mkubwa mwekundu mawinguni. Akitikisa mbawa, umeme. Akiwika, ngurumo. Mvua ikianza tu alifunika kioo kwa leso, akatutoa mlangoni, akatukataza kuvaa nyekundu. Nilipokuwa mdogo nilijua jogoo yuko juu, hivyo kura yangu ni unashuka.

HalimaKisauni, saa 3:14 usiku
Kioo kufunikwa ni Mombasa pia! Mama yangu hadi leo. Nani anajua sababu?

SaruniNgong, saa 3:17 usiku
Nadhani kwa sababu kioo kinamulika na mtu anaogopa mara mbili. Kutoka mlangoni ile ni busara lakini. Bibi alijua.

MkisiiWaRuiru, saa 3:29 usiku
Niruhusuni nieleze jambo la kwetu Nyamira. Nilikuwa darasa la sita. Ng'ombe wetu watatu walijikinga mvua chini ya mkaratusi. Radi ikapiga ule mti. Mti ulipasuka gome kutoka juu hadi chini, kama mtu aliyeuchuna kwa panga. Ng'ombe wote watatu wakaanguka, na hawakuwa na jeraha. Kijana aliyekuwa akiwachunga alikuwa hatua chache kutoka pale, akaanguka, akaamka, anaishi mpaka leo.

Jirani mmoja alisingiziwa kwamba ametuma ile radi. Ilikuwa kidogo tu nyumba yake ichomwe. Baba yangu alisimama mlangoni mwa yule mzee usiku kucha. Kwa hiyo swali la Kunguru kwangu si la kujifurahisha. Watu wasipojua radi inavyotembea, wanatafuta mtu wa kulaumu. Na sijawahi kuelewa: kama ilipiga mti, ng'ombe walikufaje bila kuguswa, na kijana akapona?

FundiErthi, saa 3:40 usiku
@MkisiiWaRuiru pole sana, na Mungu amrehemu mzee wako kwa kusimama pale. Hilo la ng'ombe naliweza, ndiyo kazi yangu.

Radi ikifika kwenye shina haiishii pale. Inaingia ardhini na kusambaa pande zote. Karibu na mti volti ni kubwa sana, ukienda mbali inapungua. Sasa mnyama mwenye miguu ya mbele karibu na mti na ya nyuma mita moja na nusu mbali amesimama kwenye volti mbili tofauti. Stima inapanda mguu mmoja, inapita tumboni na moyoni, inatokea mguu mwingine. Mtu akiwa na miguu karibu karibu tofauti ni ndogo, na hata ikipanda inapita miguuni tu, mbali na moyo. Ndiyo maana kijana alianguka akaamka.

Watu wengi wanaoumizwa na radi huumizwa hivi, kwa kupitia ardhini. Wale wanaopigwa moja kwa moja kichwani ni wachache.

MkisiiWaRuiru, saa 3:46 usiku
Fundi, nimesubiri hilo jibu miaka ishirini na kitu. Nitampigia mama kesho nimsomee.

MamaNjugu, saa 3:50 usiku
Sasa mimi nikiuza njugu kwa stage mvua ikanishika, nifanye nini? Maana wote tunakimbilia mti.

FundiErthi, saa 3:55 usiku
Mama, ingia matatu. Hata kama husafiri, mwambie kondakta akuvumilie. Bodi ya chuma inaipitisha radi kwa nje mpaka ardhini na wewe uliye ndani unabaki salama, mradi madirisha yamefungwa na hushiki chuma. Watu husema ni matairi ya mpira. Si matairi. Kitu kilichovuka kilomita kadhaa za hewa hakitashindwa na inchi sita za mpira. Kibanda cha turubai na miti minne hakikusaidii, na mti ndio mbaya kabisa.

Dereva_44, saa 3:58 usiku
Mama Njugu ukiona yangu panda bure. Utanilipa njugu.

BodaWaKayole, saa 4:02 usiku
Na sisi wa pikipiki?

FundiErthi, saa 4:03 usiku
Pikipiki haina bodi. Egesha, uingie jengo lenye ukuta na paa, na ukae mbali na mabomba na nyaya.

Dereva_44, saa 4:12 usiku
Nimerudi kwa maelezo ya Mwalimu. Kuna kitu kinanikwaruza. Amesema chaji hasi inatoka winguni kushuka, lakini mwanga unapanda. Kitu kimoja kinaendaje pande mbili?

Nikafikiria jam. Magari yamesimama Mombasa Road kutoka Nyayo hadi Bellevue. Askari akiruhusu pale mbele, gari la kwanza linaondoka, halafu la pili, halafu la tatu. Kila gari linaenda mbele, kuelekea town. Lakini ule "mwondoko" wenyewe unarudi nyuma, unakuja kwangu mimi niliye mwisho kabisa. Kama ungekuwa ndege juu ungeona taa za breki zikizimika kutoka town kuja Bellevue, na magari yanaenda town. Je, Mwalimu, si ndivyo ilivyo? Elektroni ni magari, mwanga ni kule kuzimika kwa breki?

MwalimuWaZamu, saa 4:18 usiku
Dereva, nimefundisha hili miaka kumi na mbili nikitumia mifereji ya maji na sikuwahi kupata mfano mzuri hivyo. Mtangulizi amejaza njia nzima elektroni kutoka winguni hadi chini. Mlango wa ardhini ukifunguka, zile za chini ndizo zinaondoka kwanza, ndizo zinapasha hewa joto na kuwaka. Kisha zilizo juu yake, kisha zilizo juu zaidi. Elektroni zote zinashuka, kuwaka kunapanda. Kesho naingia darasani na jam ya Mombasa Road.

SaruniNgong, saa 4:20 usiku
Na joto lake ni sawa na la jua, nilisoma.

NyotaChiromo, saa 4:24 usiku
Uso wa jua ni kama nyuzi 5,500 za Selsiasi. Njia ya radi hufika karibu nyuzi 30,000. Mara tano na zaidi. Ila katikati ya jua ni mamilioni, huko radi haifiki. Na njia yenyewe ni nyembamba, sentimita chache tu. Hewa inapata joto hilo kwa ghafla, inapanuka kama mlipuko, na hiyo ndiyo ngurumo.

WakaziWaMbita, saa 4:33 usiku
Mnazungumza kana kwamba radi zote ni za jioni. Kwetu ziwani kazi yake ni usiku. Mchana ziwa limetulia, radi ziko milimani upande wa Kisii na Nandi. Usiku wa manane upepo wa nchi kavu unatoka pande zote kwenda ziwani, unakutana katikati, unapanda, mawingu yanajaa. Na usiku ndio wakati tuko majini na taa zetu tunavua omena. Hakuna mti, hakuna jengo, kirefu zaidi ziwani ni wewe. Ndugu yangu mkubwa alirudi alfajiri moja bila mwenzake. Sitaki kusema zaidi.

MamaNjugu, saa 4:36 usiku
Pole sana ndugu.

HalimaKisauni, saa 4:37 usiku
Mungu awape subira.

MjukuuWaSpana, saa 4:50 usiku
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mwalimu, umesema njia huchongwa kutoka juu kila mara. Si kila mara! Jengo refu likizidi kama mita mia moja linaweza kuanzisha lenyewe. Mtangulizi anatoka kwenye ncha ya jengo na kupanda hadi winguni. Empire State Building kule New York hupigwa mara ishirini na kitu kwa mwaka, na nyingi ya hizo zinaanzia kwenye jengo. Hata hivyo wapo wanaosema radi haipigi mahali pamoja mara mbili.

Na kuna alama ya kutofautisha. Matawi ya radi huonyesha alikokuwa akienda mtangulizi. Yakielekea chini kama mizizi, ametoka winguni. Yakielekea juu kama mti, ametoka ardhini. Kunguru alisema matawi yake yalielekea juu. Kwa hiyo Kunguru aliona kitu cha kweli na mwenzake kazini anapaswa kumnunulia chapati.

KunguruWaUmoja, saa 4:55 usiku
Nilijua! Asante sana. Chapati mbili na maharagwe.

MwalimuWaZamu, saa 5:01 usiku
Nimekubali kusahihishwa. Umeme wa kupanda upo, na minara ya Nairobi sasa imefikia urefu huo. Miaka ya themanini hatukuwa na kitu kirefu hivyo zaidi ya KICC na milingoti ya redio. Ila Kunguru, swali moja kabla hujanunuliwa chapati: ngurumo ilikuja baada ya sekunde ngapi? Video yako ina sauti.

KunguruWaUmoja, saa 5:09 usiku
Nimeisikiliza tena mara tatu. Kutoka mwanga hadi ngurumo ni sekunde 19.

MwalimuWaZamu, saa 5:14 usiku
Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, yaani karibu sekunde tatu kwa kilomita. Sekunde 19 ni kilomita sita na nusu. Kutoka Umoja hadi Upper Hill kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita tisa, ungengoja sekunde 27. Kilomita sita na nusu kutoka kwako ni Industrial Area au Makongeni. Inawezekana radi ilipiga huku, na mnara ukaonekana nyuma yake tu, kwenye mstari mmoja.

MjukuuWaSpana, saa 5:19 usiku
Na matawi ya kupanda je? Industrial Area hakuna jengo la kuyatoa.

NyotaChiromo, saa 5:22 usiku
Radi nyingi hazifiki chini kabisa. Karibu robo tatu hubaki ndani ya wingu au kati ya mawingu. Ngurumo uliyoisikia baada ya sekunde 19 inaweza kuwa ya umeme mwingine uliopita juu ya Makongeni, na ile ya Upper Hill ikaja baadaye ikamezwa na kelele za mvua kwa mabati.

SaruniNgong, saa 5:26 usiku
Au zote mbili ni kitu kimoja. Minara mirefu mara nyingi hutoa umeme wa kupanda baada tu ya radi nyingine kupiga karibu. Ya kwanza Makongeni, ikavuruga wingu, mnara ukajibu. Picha mbili za simu haziwezi kutenganisha hizo.

KunguruWaUmoja, saa 5:29 usiku
Kwa hiyo chapati zinasubiri?

MjukuuWaSpana, saa 5:30 usiku
Mimi ningenunua.

MwalimuWaZamu, saa 5:31 usiku
Mimi ningesubiri video ya pili.

ShangaziWaPloti, saa 5:38 usiku
Samahani kuingilia na mambo ya nyumbani. Mwezi uliopita radi ilipiga sijui wapi mtaani kwetu. Swichi kuu nilikuwa nimezima. Friji na televisheni vikaungua vyote, na friji nilikuwa bado naidaiwa. Mwenye ploti anasema ni shauri yangu. Swichi ilikuwa imezimwa, imeingiaje?

FundiErthi, saa 5:47 usiku
Shangazi pole. Swichi ina nafasi ya milimita chache. Radi imeruka kilomita, itaruka hiyo bila kujua ilikuwepo. Tena si lazima ipige nyumba yako. Ikipiga karibu na nyaya za barabarani inasukuma volti kubwa ndani ya waya. Chomoa plagi kabisa kutoka ukutani, na waya wa antena pia, ukisikia ngurumo ya mbali, usingoje ya karibu. Halafu angalia nje karibu na mita kama kuna waya wa erthi wa kijani na manjano unaoingia ardhini kwenye nondo ya shaba. Ploti nyingi ninazoitwa, waya upo, nondo haipo. Umefungwa kwa msumari ukutani. Hilo linaniuma sana, kwa sababu ni kazi ya saa moja.

ShangaziWaPloti, saa 5:50 usiku
Nimetoka na tochi. Umekatwa. Kuna kipande kama cha kidole.

BodaWaKayole, saa 5:53 usiku
Kinga radi pale juu ya jengo si inaita radi? Kwa nini mtu aweke kitu cha kuita?

FundiErthi, saa 5:58 usiku
Haiiti kutoka mbali. Radi ambayo ingepiga pale kwa vyovyote ndiyo inapewa njia ya kushuka bila kupita ukutani.

MjukuuWaSpana, saa 6:03 usiku
Benjamin Franklin mwenyewe alidhani ile fimbo yenye ncha italinyonya wingu chaji polepole mpaka liishiwe. Kuna wafanyabiashara hadi leo wanauza vifaa vya kuzuia radi kwa wazo hilo hilo, na wahandisi wengi wanawapinga.

FundiErthi, saa 6:06 usiku
Nimeulizwa na wateja wawili mwaka huu niviweke. Nilikataa. Nondo, waya mnene, ardhi yenye unyevu.

MkulimaNandi, saa 6:10 usiku
Lakini Fundi, kiwanda kimoja karibu nasi kiliweka kinga na tangu hapo mabweni ya wachumaji yaliyo ng'ambo ya barabara ndiyo hupigwa. Sisi tunaamini inasukuma.

FundiErthi, saa 6:12 usiku
Haisukumi. Ila haiwezi kulinda ng'ambo ya barabara. Mabweni nayo yanahitaji yake, na hilo ndilo la kudai.

SaruniNgong, saa 6:20 usiku
Kabla sijalala. Mwaka juzi nilikuwa vilimani Ngong, karibu na zile feni za upepo, na kundi la vijana wa kanisa. Mvua ilikuwa bado haijaanza. Msichana mmoja nywele zikasimama zote, wenzake wakaanza kupiga picha wakicheka. Ua wa waya ukawa unalia kama nyuki. Mimi nililelewa kule nikajua. Nikapiga kelele, tukakimbia kuteremka upande wa chini, kila mtu mbali na mwenzake. Radi ilipiga juu kule tulipokuwa baada ya dakika moja, labda na nusu. Usiku huu ndio nimeelewa zile nywele: ardhi ilikuwa inaanza kunyoosha mikono na sisi ndio tuliokuwa vidole.

MwalimuWaZamu, saa 6:24 usiku
Saruni, naomba ruhusa kuwasimulia hilo wanafunzi.

SaruniNgong, saa 6:25 usiku
Wasimulie wote.

NyotaChiromo, saa 6:31 usiku
Kwa mnaopenda historia: aliyetuonyesha kwanza vizuri kwamba kuna mtangulizi anayeshuka na mwanga unaopanda alifanyia kazi hiyo Afrika. Basil Schonland na wenzake, Johannesburg, miaka ya 1930, kwa kamera yenye lenzi zinazozunguka aliyoibuni Charles Boys. Kamera ya kawaida inaweka yote kwenye picha moja. Ile inayozunguka ilivuta kila kitu pembeni kulingana na wakati wake, ukaona nini kilitangulia nini. Pia iliwaonyesha kwamba umeme mmoja mara nyingi ni mapigo matatu, manne, kwenye njia ile ile. Ndiyo maana unauona ukitetemeka.

KunguruWaUmoja, saa 6:34 usiku
Basi kesho jioni napanda paani tena na simu mbili.

FundiErthi, saa 6:35 usiku
Hapana, Kunguru. Rekodi ukiwa ndani, dirishani, dirisha limefungwa. Paani ukiwa na simu mbili wewe ndiye mnara.

HalimaKisauni, saa 6:36 usiku
Na nguo anua mapema.

BodaWaKayole, saa 6:41 usiku
Huku Kayole imeanza sasa hivi. Mwanga umepita, nahesabu. Tisa.

MwalimuWaZamu, saa 6:42 usiku
Kilomita tatu. Uko ndani?

BodaWaKayole, saa 6:43 usiku
Niko ndani. Pikipiki iko nje. Imemulika tena. Sita.

ShangaziWaPloti, saa 6:44 usiku
Nimechomoa kila kitu.